Anayeamua Nani Ashtakiwe

Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya Marekani iliandika jambo ambalo mawakili wa huko walikuwa wakilijua siku zote: katika kesi za jinai za serikali ya shirikisho, asilimia 97 ya hukumu za hatia zinatokana na mshtakiwa kukiri mwenyewe. Hakuna shahidi aliyedodoswa, hakuna kielelezo kilichobishaniwa, hakuna jopo la raia lililojifungia chumbani kutafuta uamuzi. Kazi hasa ya mwendesha mashtaka imeshafanyika mezani, kwenye faili ambalo pengine hata namba ya kesi lilikuwa bado halijapewa. Nani ashtakiwe, kwa kifungu kipi, lini, na nani aachwe aende zake: mwenye kuamua hayo ni mtumishi wa umma ambaye wananchi wengi hawamjui hata kwa jina.

Msomaji aliyezoea Mkurugenzi wa Mashtaka (DPP) wa Dodoma au Nairobi, mmoja kwa nchi nzima, itabidi abadili ramani kichwani. Marekani kila jimbo lina waendesha mashtaka wake kwa makosa ya jimbo, na wengi wa wakubwa wao huchaguliwa kwa kura. Wa shirikisho ni kundi jingine kabisa. Nchi imegawanywa katika wilaya 94 za mahakama za shirikisho, na zinaongozwa na waendesha mashtaka wakuu 93, kwa sababu Guam na Visiwa vya Mariana ya Kaskazini wanagawana mmoja. Cheo hicho kilianzishwa na sheria ya mahakama ya mwaka 1789, wakati Wizara ya Sheria yenyewe haikuwapo hadi 1870, na hata leo ofisi za wilaya zina ukaidi fulani mbele ya Washington. Mkuu wa wilaya huteuliwa na Rais, huthibitishwa na Seneti, na muhula wake ni miaka 4. Walio chini yake, waendesha mashtaka wasaidizi, ndio wanaobeba mafaili. Hao ni watumishi wa kudumu: marais wanakuja na kuondoka, wao wanabaki. Angalau ndivyo ilivyokusudiwa.

Kuingia si rahisi. Unahitaji shahada ya sheria ya miaka 3 juu ya shahada ya kwanza, leseni ya uwakili ya jimbo lolote (ya Texas inakutosha kufanya kazi Maine), na uraia wa Marekani, wa kuzaliwa au wa kuomba. Ofisi nyingi hazimtaki mtu aliyetoka chuoni jana. Zinataka aliyewahi kuwa msaidizi wa jaji, au aliyefanya kesi kwa miaka kadhaa kwenye kampuni ya mawakili au ofisi ya mashtaka ya jimbo. Wahitimu wapya wana mlango mwingine, mpango wa heshima wa Wizara ya Sheria ulioanza 1953, lakini huo mara nyingi unakupeleka kwenye vitengo vya Washington.

Baada ya usaili unakuja uchunguzi wa mwenendo, na hapo ndipo watu wazuri wanapokwama. Fomu namba 86 inauliza ulipoishi, kazi ulizofanya, madeni, kodi, dawa za kulevya, safari za nje na ndugu walioko nje. Kwa mtu mwenye asili ya kwetu, sehemu ya ndugu ni mtihani wa peke yake. Fomu ina orodha yake ya nani ni ndugu: mzazi, kaka, dada, mtoto, wa kambo, wakwe. Binamu mliyelelewa naye hawekwi kwenye kisanduku cha kaka, hata kama kwenu ndiyo desturi. Kama mnawasiliana kwa karibu, anakwenda sehemu ya watu wa nje unaofahamiana nao. Kinachomwangusha mwombaji mara nyingi si kuwa na shangazi Tanga. Ni kumficha shangazi huyo, au kudanganya kuhusu bangi ya chuoni, au kodi ambayo haikulipwa.

Mshahara ni wa serikali. Kampuni kubwa za New York zinamlipa wakili wa mwaka wa kwanza dola 225,000, na mwendesha mashtaka mzoefu hafikii hapo. Wenye mikopo ya chuo wanategemea sheria ya 2007 inayofuta salio baada ya malipo 120 ya kila mwezi ukiwa katika utumishi wa umma. Hiyo ni miaka 10 kamili, na imewashikilia kazini watu wengi kuliko hotuba yoyote ya uzalendo.

Mgeni huanzia kesi ndogo: mtu aliyewahi kufungwa kukutwa na bunduki, mtu aliyefukuzwa nchini kurudi tena, wizi wa barua, dawa za kulevya za kiasi kidogo. Kuna wiki za zamu, ambapo kila anayekamatwa wilayani anaangukia kwako. Hapo unajifunza haraka kwamba huna wapelelezi wako mwenyewe. FBI, DEA wanaoshughulika na dawa za kulevya, wapelelezi wa posta, wa kodi, wa bunduki, kila mmoja ana bosi wake. Huwezi kuwaamuru, unachoweza ni kuwakatalia. Mpelelezi analeta kesi, wewe unasoma kanuni za wizara na kumwuliza: ushahidi huu unaokubalika mahakamani utatosha kupata hatia na kuifanya isimame kwenye rufaa? Kuna maslahi ya kutosha ya shirikisho, au jimbo liachiwe? Kumjibu hapana mpelelezi aliyekesha miezi kwenye gari akimfuatilia mtu ni sehemu ngumu ya kazi hii, na kwa maoni yangu ndiyo inayomtenganisha mwendesha mashtaka na karani wa polisi.

Kwetu Tanzania kuna sentensi ambayo kila aliyewahi kukaa kwenye benchi la mahakama anaijua: upelelezi haujakamilika. Kesi inatajwa, inaahirishwa, inatajwa tena. Mwendesha mashtaka wa shirikisho hana anasa hiyo. Akishamkamata mtu, ana siku 30 za kupata hati ya mashtaka, kisha siku 70 za kuanza kusikiliza kesi. Siku nyingi hazihesabiwi, na kesi ngumu zinaongezewa muda, lakini saa inatembea na jaji anaiangalia. Matokeo yake ni kwamba kwenye kesi kubwa wanapeleleza kwanza, wanakamata baadaye. Mtuhumiwa wa ulaghai anaweza kuendelea na biashara zake miaka mitatu huku nyaraka zake za benki zikisomwa chumba cha pili. Upande wa nyuma kuna saa nyingine: makosa mengi hufa baada ya miaka 5, ya ulaghai dhidi ya benki baada ya 10, na faili linaloachwa kabatini linaweza kuamka siku moja baada ya muda kupita.

Chombo cha upelelezi huo ni jopo kuu la raia, watu kati ya 16 na 23, wanaokaa kwa siri. Jaji hayumo chumbani, wala wakili wa utetezi. Mwendesha mashtaka anaita mashahidi, anaagiza nyaraka, na mwishoni kura 12 zinatosha kutoa hati ya mashtaka. Mahakama ya Juu ilisema mwaka 1992 kwamba sheria haimlazimishi kulionyesha jopo hilo ushahidi unaomsaidia mtuhumiwa. Mwongozo wa wizara unamtaka auonyeshe kama ni mzito. Huo mwongozo mshtakiwa hawezi kuutumia kuivunja hati, kwa hiyo unalindwa na dhamiri na hofu ya nidhamu tu.

Simu zikihitaji kunaswa, mambo yanakuwa ya kitaalamu zaidi. Mpelelezi anaapa kiapo kirefu kinachoeleza kwa nini njia nyingine zimeshindwa au hazifai, Washington inaidhinisha, kisha jaji wa wilaya anatoa amri isiyozidi siku 30. Wanaosikiliza lazima wakate mazungumzo yasiyohusika, kama mtu anazungumza na mkewe habari za watoto. Sheria ina kifungu kinachotugusa: kama mazungumzo ni ya lugha ya kigeni na mtaalamu hayupo, wanaruhusiwa kurekodi na kuchuja baadaye, mapema iwezekanavyo. Watu wanaodhani Kiswahili ni kinga wanajidanganya. Kinachoharibu ushahidi huu huwa jambo dogo kabisa: muda wa amri ukiisha, rekodi zinatakiwa kupelekwa kwa jaji mara moja zifungwe kwa lakiri, na ofisi ikichelewa bila sababu ya kuridhisha inaweza kupoteza ushahidi wote.

Sasa turudi kwenye ile asilimia 97, maana inapikwa kwenye hesabu. Marekani ina mwongozo wa adhabu wenye ngazi 43 upande mmoja na makundi 6 ya rekodi ya jinai upande mwingine. Chukua mtu aliyelaghai dola 600,000 na hajawahi kushtakiwa. Ngazi ya kuanzia ni 7. Hasara inayozidi dola 550,000, kwa jedwali la Novemba 2015, inaongeza 14. Jumla 21, yaani miezi 37 hadi 46. Akikiri anapunguziwa 2, na mwendesha mashtaka akiomba, 1 zaidi. Sasa ni 18, miezi 27 hadi 33. Tangu Novemba 2023 asiye na alama yoyote ya jinai anaweza kupunguziwa 2 nyingine kama hakuwasababishia wahanga dhiki kubwa ya fedha. Ngazi 16, miezi 21 hadi 27. Tangu uamuzi wa 2005 jaji hafungwi na mwongozo huu, lakini lazima auanzie.

Angalia ile ngazi moja ya tatu: jaji hawezi kuitoa peke yake, inahitaji ombi la mwendesha mashtaka. Vivyo hivyo kwa mshtakiwa aliyetoa ushirikiano kwa kuwataja wenzake. Punguzo lake kwa msingi huo linahitaji ombi la serikali, na serikali ndiyo inayopima kama alichosema kina thamani. Kwenye dawa za kulevya ni kali zaidi. Kwa gramu 500 za kokeini kifungo hakipungui miaka 5, kwa kilo 5 hakipungui miaka 10. Mwendesha mashtaka akiandika kilo 5 kwenye hati na zikathibitika, mikono ya jaji inakuwa imefungwa kwa kiasi kikubwa. Akiandika gramu 500, yanabaki majadiliano. Robert Jackson, alipokuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali mwaka 1940, aliwaambia waendesha mashtaka wake waziwazi kwamba hakuna mtu Marekani mwenye mamlaka zaidi yao juu ya maisha, uhuru na heshima ya watu. Hiyo ilikuwa kabla ya kuwapo kwa jedwali hili.

Mtu mwenye nguvu hiyo anabanwa na nini? Kamba kuu ni wajibu wa kumkabidhi mshtakiwa kile kinachomsaidia, uliowekwa na kesi ya Brady ya 1963. Kwenye karatasi ni rahisi. Kazini ndipo sifa za watu zinapozikwa, na mfano bora ni kesi ya Seneta Ted Stevens wa Alaska, iliyoendeshwa si na ofisi ya wilaya bali na kitengo cha Washington kinachoshughulika na rushwa ya viongozi. Stevens alidaiwa kuficha zawadi, hasa ukarabati wa nyumba uliofanywa na kampuni ya rafiki yake. Utetezi ulikuwa na barua ya seneta akiomba aletewe ankara. Kizimbani, huyo rafiki, shahidi mkuu wa serikali, alisema mtu mwingine alimwambia asiijali barua ile, seneta anajikinga tu. Oktoba 2008 Stevens akatiwa hatiani, na siku chache baadaye akashindwa uchaguzi.

Timu mpya ilipopewa mafaili ikakuta maandishi ya mkono ya mahojiano ya Aprili 15, 2008. Siku hiyo shahidi yuleyule alisema hakumbuki kuzungumza na mtu huyo kuhusu ankara. Taarifa rasmi ya FBI ya mahojiano hayo haikuandikwa, na maandishi ya mkono hayakukabidhiwa. Aprili 2009 hukumu ikafutwa kwa ombi la serikali yenyewe.

Wengi husimulia kisa hicho kama cha watu wabaya. Mimi naona fundisho lake ni la kiofisi zaidi. Shahidi huhojiwa mara nyingi, na waliomo chumbani ni mpelelezi na mawakili wawili watatu, kila mmoja na daftari lake. Mahojiano yenye manufaa yanaandikiwa taarifa. Yale ambayo shahidi "hakumbuki" yanaonekana hayana jambo, kumbe huko kutokumbuka ndiko ushahidi wa utetezi. Tangu 2010 kila ofisi ina mratibu wa ukabidhi wa ushahidi, na tangu Oktoba 2020 jaji analazimika kutoa amri ya kukumbusha wajibu huo mwanzoni mwa kila kesi. Wazoefu wana kanuni ya nyumbani: usiende kumhoji shahidi peke yako, na kila kikao kiwe na taarifa hata kama hakuna jipya. Ukiingia peke yako na shahidi akabadili maneno mahakamani, shahidi wa pekee wa alichosema mwanzo ni wewe, na wewe huwezi kuwa wakili na shahidi kwenye kesi moja.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, kesi inayoonyesha kazi hii kwa ukamilifu ni ya mabomu ya Agosti 7, 1998, yaliyoua watu 213 Nairobi na 11 Dar es Salaam. Iliendeshwa Manhattan, New York, na timu iliyokuwa na Patrick Fitzgerald, Kenneth Karas, Michael Garcia na Paul Butler. Mmoja wa washtakiwa, Al-'Owhali, alihojiwa na FBI Nairobi siku chache baada ya mlipuko. Fomu aliyosomewa ilimwambia kwamba angekuwa Marekani angekuwa na haki ya wakili, lakini kwa kuwa hawako Marekani hawawezi kumhakikishia. Karatasi ile moja ilizaa mabishano ya miaka. Jaji Leonard Sand aliamua mwanzoni mwa 2001 kwamba hata mgeni anayehojiwa ng'ambo na maofisa wa Marekani ana kinga ya kutojishuhudia, ingawa mwishowe maelezo yalipokelewa na rufaa ya 2008 ikakubali.

Mshtakiwa mwingine, Mzanzibari Khalfan Khamis Mohamed, alikamatwa Cape Town Oktoba 1999 na kukabidhiwa FBI akapandishwa ndege. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilitoa hukumu Mei 28, 2001: kumkabidhi bila ahadi kwamba hatanyongwa kulivunja katiba, na nakala ipelekwe New York. Kesho yake jopo la Manhattan likawatia hatiani washtakiwa wote wanne, kwa mashtaka 302. Julai jopo lilishindwa kukubaliana kuhusu kifo kwa Mohamed, na Oktoba 18 wote wanne wakafungwa maisha. Kabla ya kupokea mshtakiwa kutoka nje, mwendesha mashtaka makini huuliza alivyofikishwa uwanja wa ndege, kwa sababu swali hilo litamrudia.

Lilirudi kwa sura nyingine mwaka 2010, kwa Mzanzibari wa pili, Ahmed Ghailani. Huyu alikuwa amepitia mikononi mwa CIA na Guantánamo kabla ya kufikishwa New York. Jaji Lewis Kaplan alimkataa shahidi Mtanzania aliyedaiwa kuuza baruti, kwa kuwa serikali ilimfahamu kupitia mahojiano ya kulazimisha. Jopo likamwachia Ghailani mashtaka zaidi ya 280 na kumtia hatiani kwa moja tu, la kula njama. Hilo moja lilitosha kumfunga maisha.

Siasa nayo ina mlango wake. Rais anaweza kumwondoa mkuu wa wilaya wakati wowote. Siku moja ya Desemba 2006 saba waliambiwa waondoke, na kelele zake zilichangia Mwanasheria Mkuu kujiuzulu mwaka uliofuata. Kufuta kesi hata hivyo kunahitaji ruhusa ya jaji, kama katiba ya Kenya ya 2010 inavyomtaka DPP wake. Februari 2025 Danielle Sassoon, aliyekuwa akikaimu Manhattan, alijiuzulu badala ya kutia saini ombi la kufuta kesi ya rushwa ya Eric Adams, wakati huo Meya wa New York. Jaji Dale Ho aliifuta Aprili, lakini kwa namna isiyoruhusu kufufuliwa, ili shtaka lisibaki likining'inia juu ya kichwa cha meya. Na kaimu mkuu wa wilaya aliyeteuliwa na Mwanasheria Mkuu ana siku 120 tu, baada ya hapo majaji wa wilaya ndio wanaoteua. Novemba 2025 hati za mashtaka dhidi ya James Comey, mkurugenzi wa zamani wa FBI, na Letitia James, Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York, zilifutwa kwa sababu aliyezipeleka kwenye jopo kuu hakuwa ameteuliwa kihalali. Mmoja wa mawakili wa Comey alikuwa Patrick Fitzgerald.

Ndivyo watu hawa wanavyozunguka. Fitzgerald aliongoza ofisi ya Chicago kutoka 2001 hadi 2012, kisha akaenda kampuni ya binafsi. Karas ni jaji wa shirikisho tangu 2004, Garcia ni jaji wa mahakama ya juu kabisa ya jimbo la New York. Anayeondoka anafungwa na sheria: suala aliloshiriki mwenyewe hawezi kuliwakilisha mbele ya serikali kwa niaba ya upande mwingine, maisha yake yote. Linalosahaulika ni makabidhiano. Kila faili linalobaki linahitaji waraka: tarehe za mwisho, kilichokabidhiwa na ambacho bado, na kila ahadi aliyopewa shahidi, hata ya mdomo. Kesi ya Giglio ya 1972, inayofundishwa kwa kila mwajiriwa mpya, ilitokana na hilo hilo. Mwendesha mashtaka wa kwanza alimwahidi shahidi kwamba hatashtakiwa. Wa pili, aliyeendesha kesi, hakuambiwa, akalihakikishia jopo kwamba hakuna ahadi yoyote. Mahakama ya Juu ilisema ahadi ya mmoja ni ahadi ya serikali, na Giglio akapewa kesi mpya.